Kirusi cha nyumbu na nafasi inayokwisha Kitengela

KWA vizazi vingi, kila ifikapo miezi ya Januari hadi Aprili, wafugaji wa uwanda wa Athi-Kaputiei, kusini mwa jiji la Nairobi, wamekuwa wakifanya jambo ambalo mgeni hulishangaa. Nyasi fupi za uwandani, zile zilizo tamu kuliko zote na zenye madini ya kumwongezea ng'ombe maziwa, huwa zimechipuka kwa mvua za vuli. Badala ya kuzifuata, mfugaji huswaga ng'ombe wake kuelekea upande mwingine, kwenye nyasi ndefu na ngumu, pengine mbali na maji.

Anamkimbia nyumbu. Hamkimbii simba wala fisi, bali mnyama mla majani asiye na tabia ya kuvamia boma wala kumdhuru mchungaji. Huo ndio msimu wa nyumbu kuzaa. Ndama wa nyumbu, akiwa mzima wa afya na akirukaruka kando ya mama yake, hubeba puani na machoni kirusi ambacho ng'ombe akikipata na kuugua, kupona kwake ni nadra sana.

Kwa Kimaasai nyumbu huitwa oingat, na ugonjwa wenyewe hutajwa kwa jina lake. Madaktari wa mifugo wana jina lao refu la kitaalamu, lakini wafugaji wa Kajiado walikuwa wamekwisha kuupa jina linalosema chanzo chake kabla maabara yoyote haijajengwa katika nchi hii. Hapa tutauita ugonjwa wa nyumbu.

Mjadala kuhusu Kitengela siku hizi ni wa ploti, barabara, maji na viwanda. Wanyamapori wanapotajwa, hutajwa simba aliyevuka Mto Mbagathi kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kuua mbuzi. Kirusi cha nyumbu hakitajwi. Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni vigumu kuelewa yaliyoupata uwanda huo katika miaka 40 iliyopita bila kukielewa kirusi hicho, na bila kuisoma kazi ya watafiti waliokifuatilia, mmoja wao akiwa mwana wa Kitengela ambaye baadaye alikuja kuwa gavana.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ng'ombe aliyeambukizwa anaweza kukaa majuma kadhaa, hata miezi, bila kuonyesha dalili yoyote. Kisha hushikwa na homa kali. Machozi na kamasi humtoka, mwanzoni majimaji na baadaye mazito yenye usaha. Tezi huvimba. Jicho huanza kufunikwa na ukungu mweupe kuanzia pembeni kuelekea katikati, hata mnyama akapofuka. Hutokwa na udenda kwa sababu ya vidonda vya kinywani, huacha kula, pengine huharisha, na kwa kawaida hufa katika muda wa siku chache au wiki mbili hivi. Zaidi ya 95 katika kila 100 wanaougua hufa. Hakuna dawa ya kuuponya.

Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba ng'ombe mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Kwa lugha ya wataalamu wa maambukizi, ng'ombe ni mwisho wa njia: kirusi huingia mwilini mwake na hakipati mlango wa kutokea. Kinachomwua hasa ni vurugu za seli zake mwenyewe za kinga, ambazo huongezeka kupita kiasi na kuvamia viungo vya mwili zilivyopaswa kuvilinda. Kwa hiyo kumtenga ng'ombe mgonjwa, hatua ya kwanza ambayo kila afisa wa mifugo huamuru anaposikia habari za tauni, hakusaidii kitu. Wa kutengwa ni ndama wa nyumbu, naye hana mwenyewe wa kumfunga kamba.

Elimu hii ilipatikana polepole. Mnamo 1923, huko Afrika Kusini, mtafiti R.W.M. Mettam alionyesha kwa majaribio kwamba damu ya nyumbu aliye mzima inaweza kumtia ng'ombe ugonjwa huo. Nchini Kenya, Robert Daubney na J.R. Hudson walichapisha majaribio yao mwaka 1936. Hao ni miongoni mwa watafiti walewale ambao mwaka 1931 waliueleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa Homa ya Bonde la Ufa, uliozuka katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Mwaka 1960, Walter Plowright na wenzake R.D. Ferris na G.R. Scott, wakifanya kazi Muguga katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya Afrika Mashariki, walitangaza kuwa wamekipata kirusi chenyewe kutoka kwa nyumbu. Ni kirusi cha ukoo wa hepesi, ukoo ambao ukishaingia mwilini hauondoki mpaka mwenye mwili afe.

Uchunguzi uliofuata ulieleza kwa nini msimu ni jambo la maana sana. Nyumbu karibu wote huambukizwa wakiwa wadogo, wengine wakiwa bado tumboni. Katika miezi mitatu au minne ya kwanza ya uhai wao, ndama hutoa virusi kwa wingi kupitia kamasi na machozi, na kuvimwaga kwenye nyasi na hewani. Baada ya hapo kinga yao huimarika, virusi hujificha ndani ya seli, na hatari hupungua sana. Jua kali hukiua kirusi upesi kikiwa nje ya mwili; unyevu na ubaridi hukipa muda mrefu zaidi.

Hapa ndipo elimu ya wafugaji na elimu ya maabara zilipokutana na pia kuachana. Wamaasai wamekuwa wakisema siku zote kwamba hatari i katika kondo la nyuma linaloachwa nyasini na katika manyoya ambayo ndama hupukutisha anapobadilisha rangi. Watafiti walipolichunguza kondo na majimaji ya uzazi hawakukikuta humo kirusi chenye uwezo wa kuambukiza. Wako waliolifanya jambo hilo kuwa ushahidi kwamba wafugaji hawajui walisemalo.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Mfugaji alikuwa amekosea juu ya chombo kinachobeba kirusi, lakini hakukosea juu ya mnyama, mahali, msimu, wala umri wa ndama. Kubadilika kwa manyoya ya ndama, ambako kwa Mmaasai ni alama ya hatari, hutokea katika miezi ileile ambayo maabara inasema virusi humwagwa. Na ushauri uliotokana na elimu zote mbili ni uleule mmoja: usilishe ng'ombe wako mahali nyumbu wanapozalia mpaka ndama wakue.

Ushauri huo ulifanya kazi kwa sababu moja tu. Palikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Katika miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), yenye makao yake makuu Nairobi, walianza kuuliza swali tofauti na lile la Muguga. Hawakuuliza kirusi ni nini, maana hilo lilikuwa limejibiwa. Waliuliza kinamgharimu mfugaji kiasi gani, na nani anayelipa gharama hiyo. Miongoni mwao alikuwa David Nkedianye, mzaliwa wa jamii ya Wamaasai wa Kitengela, aliyekuwa kiungo kati ya taasisi hiyo na wafugaji, na ambaye baadaye alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Pamoja na Claire Bedelian na Mario Herrero alichapisha mwaka 2007 utafiti kuhusu mtazamo wa Wamaasai wa kusini mwa Kenya juu ya madhara na kiwango cha ugonjwa wa nyumbu.

Njia waliyoitumia inastahili kuelezwa kidogo, kwa kuwa wengi hudhani mtafiti wa virusi ni mtu mwenye koti jeupe na hadubini tu. Katika uchunguzi shirikishi wa magonjwa, wafugaji huketi pamoja na watafiti na kupanga wenyewe magonjwa kwa uzito wake. Hulinganisha ugonjwa mmoja na mwingine, huchora kalenda ya mwaka na kuonyesha ni mwezi gani upi huzidi. Mara nyingi hutumia kokoto au maharagwe: rundo hili ni ng'ombe waliokufa kwa ndigana, hili ni la miguu na midomo, hili la nyumbu. Kokoto haziwezi kuchukua nafasi ya damu iliyopimwa. Lakini mahali ambapo ng'ombe hufia porini, kilomita nyingi kutoka kwa daktari, na ambapo hakuna daftari la vifo, kumbukumbu ya mwenye ng'ombe ndiyo daftari lililopo. Naye hasahau. Mfugaji aweza kukuambia rangi ya mtamba aliyemfia miaka kumi iliyopita na kisima alichokuwa akinywea.

Wafugaji waliuweka ugonjwa wa nyumbu miongoni mwa yale yanayowaumiza zaidi katika maeneo yenye nyumbu. Watafiti wengine wametaja kwamba katika maeneo kama hayo unaweza kuwapata hadi ng'ombe 10 katika kila 100 kwa mwaka. Kwa familia yenye ng'ombe 30, hao ni watatu, na karibu wote ni wa kufa. Watatu hao ni karo, ni mahari, ni akiba ya mwaka wa ukame.

Hata hivyo mizoga si hasara yote, na pengine si hasara kubwa kuliko zote. Jumlisha na ng'ombe ambao hawakufa kwa sababu walihamishwa. Walikwenda kula nyasi duni wakati mzuri kuliko wote wa mwaka. Walitembea mwendo mrefu zaidi kufika majini. Maziwa yalipungua, na ndama wao walidhoofu. Wachungaji, ambao mara nyingi ni vijana waliopaswa kuwa shuleni, walilala kambini. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2015 na Felix Lankester na wenzake, uliofanywa kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania, uliichunguza gharama hiyo hiyo na kuonyesha kwamba kumkwepa nyumbu kuna bei yake hata pale ambapo hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeugua. Hesabu za serikali, ambazo huhesabu vifo, haziwezi kuiona bei hiyo.

Kuna kinaya ambacho sina budi kukitaja hapa, ingawa kinatutoa Kajiado kidogo. Plowright huyo aliyekipata kirusi cha nyumbu ndiye aliyetengeneza, hukohuko Muguga, chanjo ya sotoka iliyowaokoa ng'ombe wa bara zima. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, na mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya kifo chake, dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa. Ng'ombe walipochanjwa, sotoka iliwatoka pia nyumbu wa Serengeti, nao wakaongezeka kutoka karibu 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Nyumbu walipoongezeka, ndama wenye kirusi waliongezeka, na wafugaji wa upande huo wakajikuta wakisukumwa kutoka malisho waliyokuwa wakiyatumia. Chanjo dhidi ya kirusi kimoja ilikipanulia kingine uwanja. Sisemi haya kumlaumu Plowright, maana hakuna mfugaji ambaye angeomba sotoka irudi.

Upande wa Kitengela mambo yalikwenda kinyume kabisa. Huku nyumbu walipungua.

Sensa za angani zilizochambuliwa na Joseph Ogutu wa ILRI na wenzake, na kuchapishwa mwaka 2013, zinaonyesha kwamba nyumbu wa Athi-Kaputiei walishuka kutoka makumi ya maelfu mwaka 1978 hadi maelfu machache tu mwaka 2011. Hawa ndio nyumbu waliokuwa wakikaa ndani ya Mbuga ya Nairobi wakati wa kiangazi, kisha mvua ziponyeshapo wakivuka Mto Mbagathi na kutawanyika uwandani kuzaa. Mbuga hiyo iliyoanzishwa mwaka 1946 ina kilomita za mraba 117 tu, na upande wake wa kusini haukuwekwa ua kwa sababu hiyohiyo. Uhamaji uliokuwa wa maelfu ukasinyaa ukawa wa mamia.

Sababu zinajulikana. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake kuanzia mwaka 1988, kila mmoja akapata kipande na hatimiliki. Viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje vilifunguliwa jirani, Athi River, vikaleta wafanyakazi. Wafanyakazi wakahitaji nyumba. Aliyekuwa na ekari 100 akauza 10 kulipa karo, mwanawe akauza nyingine kununua gari. Sensa ya 2009 iliukuta mji wa Kitengela na watu karibu 58,000. Ile ya 2019 iliukuta na zaidi ya 154,000. Kila aliyenunua, neno lake la kwanza lilikuwa seng'enge.

Nkedianye na wenzake wa ILRI, wakiwemo Robin Reid na vijana wa Kitengela waliofundishwa kutumia vifaa vya kupimia mahali kwa setilaiti, walitembea uwandani wakizipima nyua hizo moja baada ya nyingine na kuzitia kwenye ramani. Ramani hiyo husifiwa kama kazi ya uhifadhi. Mimi naiona pia kuwa ramani ya ugonjwa. Kila ua uliozuia nyumbu kupita ulimzuia pia ng'ombe kumkwepa nyumbu.

Fikiria mfugaji aliyebakiwa na ekari 60 upande ambao nyumbu wachache waliosalia bado huzalia. Zamani, mwezi wa Februari, angehamia upande wa pili wa ranchi ya pamoja, au kwa shemeji yake. Sasa upande wa pili una mawe ya mipaka na nyumba za kupangisha, na shemeji ameuza. Nyumbu huruka seng'enge iliyolegea au hupenya mahali palipo wazi. Ng'ombe wake hawana pa kupenya. Atafanya nini? Anaweza kuwafungia ng'ombe bomani na kuwanunulia majani makavu, gharama ambayo wengi hawaimudu kwa miezi mitatu. Anaweza kubahatisha. Au anaweza kujenga ua imara usiopitika, na kwa kufanya hivyo akafunga kijia kimoja zaidi cha uhamaji. Hiyo njia ya tatu ndiyo inayoeleweka zaidi kwa mtu aliyepoteza mitamba miwili.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba ugonjwa wa nyumbu ni habari ya zamani Kajiado kwa kuwa nyumbu wenyewe wamekwisha. Ni kweli kwamba sehemu za uwanda zilizogeuka mitaa hazina kirusi hicho tena. Hazina ng'ombe pia. Lakini pale nyumbu na ng'ombe wanapoishi bado pamoja, wanaishi kwa kubanana kuliko zamani, na kinga ya kale, yaani kuhama, imeondolewa bila kuwekwa nyingine mahali pake.

Kinga nyingine imekuwa ikitafutwa. Plowright alijaribu chanjo miaka ya 1960 na 1970 bila mafanikio ya kutosha. Njia ilifunguka pale watafiti wa Taasisi ya Moredun huko Uskoti walipochukua aina ya kirusi iliyodhoofishwa kwa kukuzwa mara nyingi maabara, wakaichanganya na mafuta ya kuichochea kinga, na kuidunga sehemu ya juu ya shingo ya ng'ombe. Shabaha yao ilikuwa kuijenga kinga puani na kooni, mlangoni hasa ambapo kirusi huingilia, badala ya kukingoja kikiwa tayari ndani ya damu.

Jaribio lililofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 lilionyesha kinga ya asilimia 56 hivi kwa ng'ombe wa kienyeji. Kisha Elizabeth Cook wa ILRI, akishirikiana na George Russell wa Moredun na wengine, alifanya jaribio katika ranchi ya Kapiti, Kaunti ya Machakos, si mbali na Kajiado, ambako nyumbu bado huzaa. Walichukua ng'ombe 146, wakawachanja nusu na kuwaacha nusu, kisha wote wakalishwa mahali penye ndama wa nyumbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba chanjo ilizuia vifo kwa kiwango cha asilimia 80.

Asilimia 80 kwa ugonjwa usio na tiba si jambo dogo. Lakini tusiipambe. Chanjo hiyo huhitaji dozi mbili, na kinga yake haielekei kudumu zaidi ya msimu, kwa hiyo itabidi irudiwe kila mwaka kabla ya nyumbu kuanza kuzaa. Ni kirusi hai kilichodhoofishwa, hivyo hutaka baridi ya kukihifadhi katika nchi ambayo boma nyingi hazina umeme. Na zaidi ya yote, haijafika dukani. Mfugaji wa Isinya hawezi kuinunua kama anunuavyo dawa ya minyoo.

Kwa nini? Jibu moja ni soko. Wanaoihitaji ni wafugaji wa sehemu chache za Kenya na Tanzania, pamoja na wenye mashamba ya wanyama huko Afrika Kusini. Ulaya na Marekani zina ugonjwa wa aina hii, lakini ule hutokana na kirusi kingine cha jamaa hiyo kinachobebwa na kondoo, na chanjo ya nyumbu haikutengenezwa kwa ajili yake. Hakuna kampuni kubwa itakayojitosa kwa wateja wa namna hiyo.

Jibu la pili ni gumu zaidi kulisema. Kirusi cha nyumbu hakimdhuru binadamu. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka kati ya mwishoni mwa 2006 na mapema 2007, Kenya iliandikisha wagonjwa 684 na vifo vya watu 155. Masoko ya mifugo yalifungwa, wataalamu wakaja kutoka nchi za nje, na fedha za utafiti zikafuata kwa miaka mingi. Ilikuwa haki. Lakini kirusi kisichomwua ila ng'ombe wa Mmaasai, na kinachomwua mmoja hapa na wawili pale, kila mwaka, bila kishindo, hakipati kikao cha dharura. Baada ya UVIKO-19 ulimwengu umezoea kuuliza ni kirusi gani cha mnyama kitakachomrukia mtu. Kirusi ambacho hakiruki kinasahauliwa zaidi.

Wapo pia wahifadhi wenye wasiwasi kwamba chanjo ikienea, ng'ombe wataingia kwa wingi kwenye malisho ya nyumbu katika msimu wa kuzaa na kuwanyang'anya nyasi bora. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, hasa katika Serengeti na Ngorongoro ambako nyumbu wana eneo kubwa. Kwa Kitengela naona imepitwa. Huko nyumbu hawatishwi na ng'ombe. Wanatishwa na nyumba. Mwenye ng'ombe ndiye mtu wa mwisho mwenye sababu ya kuiacha ardhi wazi, na kadiri ufugaji unavyomtia hasara ndivyo dalali wa ploti anavyopata sikio lake.

Serikali na wahisani wamekwisha kujaribu kumlipa mtu huyo. Kuanzia mwaka 2000 ulikuwapo mpango wa kukodisha ardhi Kitengela, ambapo mwenye shamba alilipwa Sh300 kwa ekari kwa mwaka asiweke ua, asiuze na asichimbe mawe. Malipo yalitolewa mara tatu, yakilenga majira ya kulipa karo. Familia nyingi ziliupenda. Lakini ulitegemea fedha za wafadhili, na Sh300 haikuwa mshindani wa bei ya ploti kando ya barabara ya Namanga. Na mfumo wa fidia chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 umejengwa juu ya madhara yanayoonekana: alama za meno, mfupa uliovunjika, mahindi yaliyokanyagwa. Ng'ombe aliyekufa Aprili kwa kirusi alichokivuta Februari hana jeraha la kuonyesha.

Nkedianye alichaguliwa gavana wa kwanza wa Kajiado mwaka 2013, akashindwa na Joseph ole Lenku mwaka 2017. Ingekuwa rahisi kuuliza kwa nini mtafiti aliyeijua hesabu ya ugonjwa huu kuliko mwanasiasa yeyote hakuumaliza alipopata ofisi. Swali hilo lina uonevu ndani yake. Wanyamapori ni wa serikali kuu, chanjo husajiliwa na serikali kuu, na hatimiliki haizuiliki na gavana. Lakini huduma za daktari wa mifugo ni za kaunti, na mpango wa matumizi ya ardhi ni wa kaunti. Ni katika mambo hayo mawili tu ambapo kazi ya Kitengela ingeweza kutoka kwenye majarida na kuingia kwenye bajeti, na ndiyo mambo ambayo gavana yeyote wa Kajiado anaweza kuulizwa.

Hesabu ya kuanzia si kubwa. Nyumbu waliobaki ni wachache na mahali wanapozalia panajulikana kwa jina. Ng'ombe wanaolisha karibu napo wanaweza kuhesabiwa kwa siku chache, na Kapiti, ambako chanjo ilijaribiwa, ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Kinachohitajika ni kibali cha kuitumia nje ya jaribio, majokofu, na mtu wa kulipia dozi mbili za kila mwaka. Ramani ya nyua iliyochorwa na vijana wa Kitengela ikifanywa upya, itaonyesha pia ni boma zipi ambazo hazina tena upande wa kukimbilia. Hizo ndizo ambazo ng'ombe wake wangepaswa kudungwa kwanza, mwezi Novemba na Desemba, kabla ndama wa kwanza wa nyumbu hajaanguka nyasini.